Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kupimwa Uwezo wa Mapafu

Kipimo cha spirometria huonekana chepesi kwa anayekitazama kwa mbali: mtu huketi, hubanwa pua, huvuta pumzi hadi mapafu yajae, kisha hupuliza kwa nguvu zote ndani ya mrija uliounganishwa na mashine. Hakuna sindano wala damu inayotolewa. Hata hivyo, hiki ni miongoni mwa vipimo ambavyo matokeo yake humtegemea sana mpimwaji mwenyewe, kwa kuwa mashine haisomi kitu kingine ila hewa aliyoitoa na kasi aliyoitoa nayo. Anayefika akiwa ameshiba kupita kiasi, au akiwa ametoka kutumia dawa yake muda mfupi uliopita, huacha takwimu zisizolingana na hali yake halisi, na daktari atakayezisoma baadaye hatakuwa na njia ya kulijua hilo. Ndiyo maana maandalizi huanza siku moja au mbili kabla.

Inafaa kwanza kuelewa kinachopimwa. Mtu akiwa ametulia, kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, hujikaza na kushuka huku mbavu zikiinuka. Nafasi ya kifua hupanuka, shinikizo la hewa ndani ya mapafu huwa dogo kuliko la nje, na hewa huingia. Kuitoa hakuhitaji juhudi, kwani misuli hulegea na mapafu hunywea yenyewe kwa unyumbufu wake. Mtu mzima hupumua hivyo mara 12 hadi 20 kwa dakika, kila pumzi ikiwa na takriban nusu lita ya hewa. Spirometria haishughuliki sana na pumzi hiyo tulivu. Inachotaka ni pumzi kubwa kuliko zote, itolewe kwa kishindo kwa msaada wa misuli ya tumbo, ili zipatikane takwimu mbili: jumla ya hewa iliyotoka, na kiasi kilichotoka katika sekunde ya kwanza. Kwa mtu mzima mwenye njia za hewa zilizo wazi, sekunde hiyo peke yake hutoa zaidi ya asilimia 70 ya jumla. Penye pumu isiyodhibitiwa, au penye mapafu yaliyoharibiwa na moshi kwa miaka mingi, fungu hilo hupungua, kwa sababu hewa hupita kwa shida katika mirija iliyobana.

Suala la dawa ndilo linaloharibu vipimo vingi, nami ningeshauri liulizwe siku ile ile miadi inapopangwa. Dawa za kuvuta zinazopanua njia za hewa hulegeza misuli laini inayoizunguka mirija midogo ya mapafu, kwa hiyo kuzitumia nyumbani kabla ya kipimo ni kuuficha mbano ule ule unaotafutwa. Kwa kawaida, pale kipimo kinapofanywa ili kutambua ugonjwa, salbutamol huachwa saa 4 hadi 6 kabla, zile zinazodumu kama salmeterol na formoterol saa 24, na tiotropium saa 36 hadi 48. Lakini endapo lengo ni kuona kama tiba iliyokwisha kuanzwa inasaidia, daktari huweza kutaka mgonjwa aendelee nayo kama kawaida, na hapo kuiacha ndiko kutakakopotosha matokeo. Asitokee mtu wa kuamua jambo hili peke yake. Na aliyeambiwa asitishe dawa, kisha akabanwa na kifua usiku wa kuamkia kipimo, aitumie bila kusita, aandike saa aliyoitumia na kumweleza mpimaji; kipimo huweza kuahirishwa, pumzi haiahirishwi.

Mambo mengine ya siku hiyo ni mepesi. Sigara isivutwe kwa muda usiopungua saa moja kabla, na mazoezi mazito yaepukwe kwa muda huohuo, kwa kuwa vyote viwili huweza kubadili upana wa njia za hewa. Pombe iachwe kwa saa 8, kwa sababu kipimo kinahitaji akili iliyo macho na mwili unaotii maelekezo. Mlo uwe mdogo, kwani tumbo lililojaa hukizuia kiwambo kushuka hadi mwisho, na nguo zisibane kifua wala kiuno. Inafaa pia kwenda haja ndogo kabla ya kuingia chumbani, maana shinikizo linalosukuma hewa nje hukikandamiza pia kibofu. Wapimaji wengi huona haya kulitaja. Meno ya bandia yaliyokaa imara yabaki mdomoni ili midomo ipate kuufumba mrija vizuri, ila yanayolegea yatolewe.

Shinikizo hilohilo ndilo linalowafanya watu fulani washauriwe kusubiri. Kupuliza kwa nguvu hupandisha shinikizo ndani ya kifua, tumbo, kichwa na macho kwa muda mfupi. Aliyepata shambulio la moyo hivi karibuni, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho, ubongo, kifua au tumbo katika wiki chache zilizopita, aliyewahi kupasuka pafu, au anayekohoa damu, aseme mapema hata kama hakuulizwa. Anayeumwa mafua makali au kikohozi kipya naye aombe tarehe nyingine, kwa sababu njia zake za hewa zimevimba kwa muda tu, na pia huweza kuwaambukiza wengine.

Urefu hupimwa bila viatu, na umri huandikwa sawasawa, kwa maana takwimu za mtu hulinganishwa na zile zinazotarajiwa kwa wenye urefu, umri na jinsia kama yake. Uhusiano wa urefu na ujazo wa pumzi ulionyeshwa na daktari wa Uingereza, John Hutchinson, mwaka 1846, baada ya kupima watu zaidi ya elfu mbili kwa spiromita aliyoibuni, na mpaka leo kosa la sentimita chache katika urefu hupotosha kiwango kinachotarajiwa.

Kuhusu kupuliza kwenyewe, jambo moja huwashangaza wengi. Nguvu huamua mwanzo tu wa pumzi. Baada ya hapo, shinikizo la kifua huibana mirija yenyewe kutoka nje, hivyo hata mtu akijikaza zaidi kasi ya hewa haiongezeki, na kinachoonekana kwenye mchoro ni hali ya mapafu. Kwa hiyo mwanzo uwe wa ghafla, bila kusita hata kidogo baada ya mapafu kujaa, kisha kinachodaiwa ni uvumilivu wa kuendelea kutoa, mara nyingi sekunde 6 au zaidi, hata pale inapoonekana kwamba hakuna kilichobaki. Kwa kweli hubaki hewa inayozidi lita moja ambayo haitoki kwa juhudi yoyote, na spiromita haiwezi kuipima.

Zinahitajika pumzi tatu zilizokubalika, na majaribio huweza kufika nane. Kizunguzungu si ajabu, kwani kupumua sana huondoa kabonidayoksaidi katika damu na kuifanya mishipa ya ubongo isinyae kidogo. Dawa yake ni kuketi na kupumzika kabla ya jaribio linalofuata. Wengi hupewa kisha dawa ya kupanua njia za hewa, wakasubiri dakika 15 au zaidi, wakapuliza upya ili kuona tofauti, hivyo mtu asipange shughuli nyingine ya haraka. Kama kipimo kitarudiwa miezi ijayo, miadi iombwe saa ileile ya siku, kwa kuwa uwezo wa mapafu hushuka kuelekea alfajiri na kupanda mchana. Dawa iliyositishwa ibebwe mkononi, na mpimaji aulizwe, kabla ya kuondoka, ni lini itumiwe tena.