Jinsi ya Kujenga Ushirikiano wa Mtaa Unaomsaidia Mtoto Aliyefanyiwa Ukatili Kupona

Mtaa unaotaka kuwasaidia watoto na vijana walionusurika ukatili hauna haja ya kuunda chombo kipya. Kwa Tanzania Bara, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, unaojulikana kama MTAKUWWA, uliweka kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Anzeni na kamati hiyo, hata kama kwenu imebaki jina tu. Waiteni afisa ustawi wa jamii, mhudumu wa zahanati, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, mwalimu wa unasihi na viongozi wa dini, kisha mkubaliane kwa maandishi nani atafanya nini tangu taarifa inapopokelewa.

Mtoto aliyebakwa au kulawitiwa afikishwe kituo cha afya mapema iwezekanavyo, na kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zikichelewa kupita hapo hazimfai tena. Asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya uchunguzi. Fomu ya polisi, PF3, ni muhimu kwa kesi, lakini matibabu ya dharura yasiisubiri. Asiyejua pa kuanzia apige 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Ushirikiano wa namna hii huvunjika hasa pale mtoto anapolazimishwa kusimulia yaliyompata upya kila anapofika mbele ya mtu mwingine: mjumbe, mtendaji, askari, daktari, mwalimu, mchungaji. Kila simulizi humrudisha kwenye tukio, na kila msikilizaji anaongeza uwezekano wa habari kuenea mtaani. Kwa hiyo teueni mtu mmoja, ikiwezekana afisa ustawi wa jamii, awe msimamizi wa shauri la mtoto huyo na aongozane naye kila anakokwenda. Wengine waelezwe kile tu wanachokihitaji kwa kazi yao. Mwalimu, kwa mfano, anatosheka kujua kwamba mwanafunzi huyu anahitaji uangalizi na asiadhibiwe kwa kusinzia darasani. Jina la mtoto lisitajwe kwenye kikao wala kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Vituo vya Mkono kwa Mkono vya Zanzibar, ambavyo huweka matibabu, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, vimejengwa juu ya wazo hilohilo.

Wataalamu wa saikolojia ni wachache, lakini si kila hatua ya kupona inawangoja wao. Mjini Moshi na huko Bungoma, Kenya, wanajamii wasio wataalamu walifundishwa na kusimamiwa kuongoza vikundi vya watoto yatima waliokuwa na kiwewe na majonzi ya kufiwa, huku walezi wao nao wakiwa na vikao vyao. Zingatieni maneno hayo mawili, kufundishwa na kusimamiwa, kwa maana nia njema peke yake inaweza kumuumiza mtoto. Anayetaka kujidhuru, au ambaye ndoto za kutisha na woga havipungui baada ya wiki kadhaa, apewe rufaa ya hospitali. Wavulana wasisahauliwe, kwani wengi hunyamaza kwa aibu.

Shinikizo la kuyamaliza mambo kifamilia, kwa faini au ng'ombe, kamati ilikatae waziwazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na mtoto anayemwona aliyemtendea akipita mlangoni kila siku hawezi kupata utulivu.

Kesi huahirishwa mara nyingi, na kila wito wa mahakama huamsha hofu upya. Msimamizi amtembelee mtoto kabla na baada ya kila tarehe, amweleze kwa lugha nyepesi kitakachotokea, na amuulize angependa nani akae karibu naye. Nauli ya mtoto na mlezi ipangwe mapema kwenye bajeti ya kata, kwa kuwa kesi nyingi hufa mashahidi wanaposhindwa kufika.