Kabla hujaanza kumpunguza mbwa wako unene

Kwanza hakikisha ni mnene kweli, na usitegemee macho. Mguse. Pitisha viganja ubavuni: mbavu zihesabike kwa vidole bila kubonyeza. Ukimtazama kutoka juu, kiuno kionekane kimeingia ndani. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha unene cha 1 (amekonda mno) hadi 9 (mnene mno), na mbwa mwenye afya yuko kwenye 4 au 5. Manyoya marefu hudanganya, ila mwenye mbwa hujidanganya zaidi.

Mpeleke kwa daktari kabla hujagusa bakuli. Tezi ya thairoidi ikizembea, mbwa hunenepa hata kwa chakula kidogo, na ugonjwa wa Cushing, yaani mwili kuwa na homoni ya kotisoli kupita kiasi, humpa tumbo la kuning'inia ambalo wengi hulidhania shibe. Huyo ukimnyima chakula tu, unamtesa bure.

Ujue pia unapambana na nini. Mafuta hayakai mwilini kimya. Yanatengeneza homoni na kemikali zinazochochea uvimbe, na damu inazisambaza kila mahali. Leptini, inayopaswa kuujulisha ubongo kwamba akiba imetosha, hupanda hadi ubongo unaacha kuisikiliza. Insulini, inayoshusha sukari ya damu, nayo hupungua nguvu, na kongosho linalazimika kutoa nyingi zaidi ili kazi ile ile ifanyike. (Hapa mbwa hafanani na paka. Paka mnene huteleza kirahisi hadi kwenye kisukari, wakati kisukari cha mbwa kwa kawaida huja seli za kongosho zinazotoa insulini zinapokufa. Lakini akishakipata, unene unafanya sukari yake iwe ngumu kudhibitiwa.) Magoti na nyonga huumia mara mbili: kwa uzito, na kwa uvimbe huo unaochochewa na mafuta yenyewe.

Aliyehasiwa anahitaji nishati pungufu kuliko zamani, na hamu yake ya kula inapanda. Kipimo cha zamani cha chakula hakimfai. Na kama una Labrador anayekukodolea macho muda mfupi baada ya kula, huenda haigizi: mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walieleza kasoro kwenye jeni la POMC, iliyokutwa kwa karibu robo ya Labrador waliowapima, inayovuruga taarifa ya shibe. Njaa yake ni ya kweli. Jibu lako libaki hapana.

Sasa sikia hili vizuri: usianze na mbio. Rafiki yangu aliambiwa mbwa wake lazima apungue. Kesho yake akapanda baiskeli, mbwa akimfuata kwa kamba, jua limeshapanda. Mbwa hakugoma, maana mbwa anayempenda mtu wake hagomi, anakimbia mpaka mwili umkatalie. Alianguka kando ya njia, ulimi mwekundu wa kukoza, mate yananata. Mtu mmoja kwa nia njema akamfunika taulo lililolowa, tukambeba hivyo hivyo hadi kwa daktari. Daktari alilivua taulo kabla hata ya salamu. Likikaa juu ya mwili linafungia joto ndani; tungemmwagia maji pale pale alipoanguka na kumpepea, ndipo tumbebe. Mbwa karibu hatoi jasho, anapoza mwili kwa kuhema, na wa kwetu alikuwa na mafuta chini ya ngozi yanayozuia joto kutoka na mengine kifuani yanayobana mapafu. Joto la mwili likipita nyuzi 41, figo na ubongo viko hatarini. Alipona, lakini figo zake zilifuatiliwa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo anza na chakula. Kipime kwa mizani, maana kikombe hukosea sana, na ukadirie kwa uzito unaoutaka, si alio nao leo. Vitafunio visizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Teua mtu mmoja wa kulisha. Nyumba yenye walishaji wanne haina mbwa anayepungua. Asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki inatosha. Ukiona ni kazi bure, katika utafiti wa Labrador 48 uliochapishwa mwaka 2002, waliolishwa robo pungufu kuliko ndugu zao waliishi karibu miaka 2 zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa.

Matembezi yawe mafupi, asubuhi mapema au jioni, na Pug na Bulldog wapewe tahadhari maradufu kwa pua zao fupi. Kama ana upasuaji mbele yake, mwulize daktari kama unaweza kusubiri apungue, kwa sababu nusukaputi ni ngumu zaidi kwa mbwa mnene. Usimpe masalia yenye mafuta mengi, kongosho lake linaweza kuvimba. Akitapika, akigoma kula au akianza kukohoa anapovutwa kamba, simamisha kila kitu umpigie daktari.