Jinsi ya kupanga pleilisti ya kusifu na kuabudu

Wengi wanatupia tu nyimbo, sebene, kuabudu, sebene tena, alafu wanashangaa mbona maombi hayanogi. Anza na za kusifu, zile za kuruka, mapigo 120 mpaka 140 kwa dakika, mbili tatu zinatosha, usiwamalize watu pumzi mapema. Weka moja ya katikati, kama 90 hivi, ndo ushuke kwenye za kuabudu zenyewe, 65 mpaka 75, kinanda na sauti basi.

Kitu watu hawaangalii kabisa ni ki ya wimbo, yaani ile noti ya msingi wimbo unakojengwa. Ukiisha kwenye G, unaofuata uwe G, C au D, sikio halishtuki, ila ukirukia F shapu ghafla utaona mtu kafumbua macho katikati ya maombi anaangalia spika 😅

Albamu za laivu ni tamu lakini zina mtego wake, wimbo wa dakika 5 unafika 10 coz kiongozi anarudia kibwagizo na kuomba juu yake, na makofi ya mwisho yanakatika vibaya ukichanganya na albamu nyingine. Kwa Spotify kuna setingi ya kuunganisha wimbo na wimbo (crossfade), mmoja unafifia huku mwingine unaingia, inafika sekunde 12, mi naona 6 zinatosha. Shafo, ile inayovuruga mpangilio wa nyimbo, izime jamani. Kama ni ya mkesha daunlodi kabisa nyumbani, bando likikata saa nane usiku hakuna wa kukuuzia vocha.