Kupiga kambi Malindi wikendi ndefu: tazama mwezi kwanza

Sikukuu hupangwa na serikali: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba. Ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, Malindi inajaa. Bahari nayo ina kalenda yake. Ndiyo maana mtu akinipigia simu kuniuliza "wapi pazuri pa kupiga hema?", swali langu la kwanza huwa: siku hiyo mwezi utakuwa wa ngapi?

Hatua ya 1: Hesabu mwezi

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana, na tofauti ya juu na chini hukaribia mita 4. Katikati, kuanzia kama siku ya nane hadi ya kumi tangu mwezi uandame, na tena ya ishirini na mbili hadi ya ishirini na nne, ni maji mafu, hayaendi mbali.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi au kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa saa nne au tano. Siku za maji mafu ni kinyume chake. Kila siku saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Ukijua hilo, unaweza kupanga siku tatu nzima ukiwa umeketi kwako Nakuru.

Pasaka ni kesi ya peke yake. Huja ndani ya wiki moja baada ya mwezi mpevu, lakini mara nyingi masika nayo iko mlangoni. Njoo na turubai.

Hatua ya 2: Chagua mahali kulingana na mwezi

*Mwezi mpevu: Marafa usiku wa kwanza, Mida usiku wa pili.*

Marafa iko bara. Unavuka daraja la mto Sabaki, unafuata barabara ya Garsen, kisha unakata kushoto. Ardhi pale imeliwa na mvua na upepo mpaka ikabaki minara ya mchanga mgumu, myeupe, ya waridi, na myekundu kama matofali. Wagiriama wanapaita Nyari. Wazee husimulia kwamba hapo palikaa tajiri aliyekuwa na ng'ombe wengi hata akawa anaoga maziwa, Mungu akaudidimiza mji wake; weupe unaouona ni maziwa, wekundu ni damu. Fika saa kumi jioni, usifike adhuhuri. Adhuhuri joto la kule chini ni la tanuri, na rangi zote zinafifia. Jua likizama, mwezi mpevu unachomoza upande wa pili, na kwa dakika chache minara iko kati ya nuru mbili. Nimepaona mara nyingi na bado huwa nanyamaza.

Hema lisikae ukingoni hata kama picha inakuita. Ukingo ule bado unamomonyoka, ndivyo bonde lilivyozaliwa.

Kesho yake shuka Mida, hori la bahari lililo kusini mwa Malindi karibu na Watamu. Maji yakiwa yamejaa saa kumi jioni, mtumbwi unapita katikati ya mikoko kama mtu anayepita uchochoroni. Utaona mkoko wenye miguu mirefu, na mchu unaochomoza mizizi yake juu ya tope kama penseli. Ukienda Mida jioni ya maji mafu, mtumbwi utakaa topeni na wewe utakaa na mbu. Siku hizo nenda asubuhi.

*Mwezi mwandamo: Mida tena, au msitu wa Arabuko-Sokoke.*

Giza ni faida msituni. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420, na ndani yake yumo bundi mdogo wa Sokoke asiyefika hata sentimita 20. Mchana utamwinda kwa macho na pengine usimpate, usiku utamsikia. Asubuhi tembea taratibu, huenda ukamwona sange, mnyama mdogo mwenye kiuno cha dhahabu, akipekua majani makavu kwa pua yake ndefu. Lala kwenye kambi rasmi tu, na usitembee bila kiongozi, maana kuna tembo. Nasema tembo wa mkonga. Lile tembo la mnazi utakaribishwa ukiwa Marafa, na hilo ni juu yako na dini yako.

*Maji mafu: Mambrui.*

Iko kaskazini mwa Malindi: ufuo mpana, vilima vya mchanga, watu wachache. Ukipita mjini, tazama kaburi la nguzo la zamani lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Lakini usipige hema mdomoni mwa mto Sabaki, hata flamingo wakiwa wamejaa. Kuna viboko na mamba pale.

Hatua ya 3: Omba ruhusa

Msituni, anza ofisi ya msitu iliyo Gede, lipa, uonyeshwe sehemu. Marafa kuna kiingilio kinachokusanywa na jamii ya pale. Mambrui, tafuta mwenye shamba lililo nyuma ya ufuo, msalimie, mkubaliane. Usilale ufuoni kimyakimya. Na kumbuka tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za maji na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja ni marufuku kwenye mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Beba mtungi wa lita 20 na vikombe vyenu.

Hatua ya 4: Simika hema mchangani

Hapa ndipo wengi huaibika, nami nimo. Mwaka wa kwanza nilikuja Mambrui na binamu zangu, usiku, maji yamekupwa, mchanga umelala kama mkeka. Tukasimika pale pale. Mzee mmoja mvuvi akapita na taa yake, akasimama, akatutazama. "Wanangu," akasema, "nyinyi mwalala hapa, maji nayo yatalala wapi?" Tukacheka. Ilikuwa bamvua. Saa kumi alfajiri kiatu changu cha kulia kilikuwa kinaelea karibu na sikio langu.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Natafuta mstari wa mwani. Mara nyingi iko miwili: wa chini una mwani mbichi, huo ni wa jana, wa juu ni mkavu, umevunjikavunjika, umechanganyika na vijiti na makumbi ya nazi. Huo wa juu ndio mpaka wa bamvua. Hema linakaa nyuma yake, hatua kumi au zaidi. Kisha natazama juu. Kama kuna mnazi, nasogea.

Vigingi vinavyokuja na hema havishiki mchanga mkavu. Chukua mifuko midogo ya mchele ya kilo 5, ile ya kusuka, ujaze mchanga, ufunge kamba ya hema katikati ya mfuko. Chimba shimo la kina cha dhiraa moja, ulaze mfuko umekingama na kamba, fukia, mwagia maji ya bahari, kanyaga. Upepo wa kusi, ule wa kusini-mashariki, utavuta mpaka uchoke.

Wakati wa kusi, kama Juni, mlango uelekee kaskazini-magharibi. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, kama Desemba, uelekee kusini-magharibi. Oktoba mara nyingi upepo umetulia, na kwangu ndio mwezi bora wa mwaka, kabla vuli haijaanza.

Hatua ya 5: Chakula

Usijitese. Mahamri na mbaazi nunua Malindi asubuhi, viazi na ndimu sokoni, samaki kwa wavuvi wanaporudi. Jiko la makaa litakutosha. Ukiwa karibu na Gede, usiache mahamri nje: kima wa kule wanajua kufungua mfuko kuliko mtoto wa shule.

Hatua ya 6: Usiku

Chandarua au hema lenye wavu mzima, malaria ipo. Ufuoni, punguza mwanga, funika tochi kwa kitambaa chekundu. Kasa hupanda kutaga usiku, na taa kali humrudisha majini. Ukimwona, kaa chini, nyamaza, subiri amalize kufukia mayai.

Hatua ya 7: Kufungasha

Usihifadhi hema lenye chumvi. Ukifika nyumbani, suuza zipu kwa maji baridi na mswaki wa zamani, jino kwa jino, kisha lianike kivulini siku mbili. Langu la kwanza halikuchanika popote. Zipu ndiyo iliyokufa, imejaa mchanga wa Mambrui.