Akaunti ya uwekezaji inaposoma sifuri kwenye GnuCash: anza kukagua wapi

Ujumbe ninaoletewa mara nyingi ni picha ya skrini. Mtu kajaza kila kitu vizuri kwenye GnuCash, programu ya kompyuta ya kutunzia hesabu, vipande vyake vya Mfuko wa Umoja (mfuko wa uwekezaji wa pamoja wa UTT AMIS) vimo, hisa zake za DSE, yaani Soko la Hisa la Dar es Salaam, zimo, lakini juu, kwenye akaunti mama ya Uwekezaji, panasomeka TZS 0.00. Chini yake: "Dada, hela zangu zimeenda wapi?"

Hazijaenda popote. Akaunti ya vipande au hisa kwenye GnuCash hutunza idadi. Bei hukaa kwingine kabisa, kwenye orodha yake, na shilingi unazoziona kwenye akaunti mama hupatikana kwa kuzidisha viwili hivyo unapofungua ukurasa. Kwa hiyo usiguse muamala wowote kabla hujaiona orodha ya bei. Mimi mwaka wa kwanza niligusa. Niliingiza muamala wa "kusawazisha" ili jumla ilingane na taarifa ya mfuko. Ikalingana kweli siku hiyo, halafu bei ikapanda, nikaanza kupata faida ya vipande ambavyo sijawahi kununua. Kusafisha kulinimalizia Jumamosi mbili.

Majina ya menyu nitayaandika kama yanavyoonekana kwenye programu ikiwa ya Kiingereza, maana wengi wetu ndivyo tunavyoitumia.

Hatua ya 1: Nakili faili

File, kisha Save As, ipe jina lingine. Fanyia majaribio kwenye nakala.

Hatua ya 2: Jua kama tatizo ni idadi au ni bei

Chukua taarifa ya mfuko au ya dalali wako, uiweke kando ya skrini. Fungua akaunti ya vipande yenyewe, siyo mama yake, uangalie salio la mwisho. Tuseme taarifa inasema vipande 574.5475. Kama programu nayo inasema 574.5475, miamala yako ni mizima na ugonjwa uko kwenye bei. Endelea na hatua ya 3. Kama idadi zinapishana, ruka hadi ya 5.

Hatua ya 3: Ikague orodha ya bei

Nenda Tools, kisha Price Database. Tafuta jina la mfuko au hisa yako. Hapa ndipo penye mambo, na huwa ni moja kati ya manne.

La kwanza, hakuna bei kabisa. Bila bei programu haina cha kuzidishia, kwa hiyo mama anapata sifuri. Bofya Add, weka tarehe na bei, funga. Sifuri inaondoka hapo hapo.

La pili, bei ipo lakini sarafu siyo. Kompyuta nyingi huku zinauzwa zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, na programu inachukua dola kama sarafu yake ya kawaida. Ukiongeza bei kwa haraka bila kutazama kisanduku cha Currency, unaandika dola 870.25 kwa kipande badala ya shilingi 870.25. Ikiwa hujaweka kiwango cha kubadilishia dola, utaona sifuri. Ikiwa umeweka, utaona maajabu: vipande vyangu 574.5475 viligeuka nusu milioni ya dola, na kwa kiwango cha 2,500 nikawa na shilingi bilioni moja na robo asubuhi nzima, hadi chai ilipoisha. Futa bei hiyo, andika upya kwa TZS, kisha nenda Edit, Preferences, kichupo cha Accounts, uichague TZS iwe sarafu ya kawaida ili isijirudie.

La tatu ni pacha. Hisa moja imesajiliwa mara mbili: CRDB moja iko chini ya kundi la DSE, nyingine iko chini ya kundi ulilolibuni siku ya kwanza ukiwa bado unajaribu. Akaunti inatumia hii, bei unaiandikia ile. Kwa macho kila kitu kipo sawa, ndiyo maana hili linasumbua watu kuliko yote. Fungua Tools, Security Editor, upekue makundi yote. Ukiona pacha, rudi kwenye akaunti, bofya Edit Account, usome sehemu ya Security/currency: hiyo ndiyo inayotakiwa kubaki. Bei zihamishie huko, kisha ufute ile isiyotumika.

La nne, bei iliyobaki nyuma. Unapoandika ununuzi kwenye akaunti, programu huichukua bei ya muamala huo na kuipeleka yenyewe kwenye orodha. Ukija kuufuta muamala uliokosewa, bei yake inabaki pale pale. Sifuri moja iliyozidi mwezi Machi inaweza kukuvurugia ripoti Desemba. Panga orodha kwa tarehe uteremke taratibu. Bei iliyokosewa hujitokeza kama jino la pengo.

Hatua ya 4: Hakikisha mnazungumzia bei ileile

Kampuni ya UTT AMIS hutangaza thamani halisi ya kipande, bei ya kuuzia na bei ya kununulia tena. Kwenye baadhi ya mifuko hazifanani. Ukijaza moja huku taarifa yako imetumia nyingine, mtapishana kwa asilimia ndogo kila siku ya Mungu na hakuna kosa la programu hapo. Mimi hujaza bei ya kununulia tena, kwa sababu ndiyo nitakayolipwa nikitoa. Wewe chagua yako, ila usichanganye.

Kwa hisa, kumbuka kuna kampuni DSE ambazo hisa zake hupitisha siku kadhaa bila kuuzwa. Bei ya wiki iliyopita huenda ndiyo ya leo pia, usiifute kwa sababu ya tarehe tu.

Na ripoti? Balance Sheet ina chaguo lake la Price Source ndani ya Options, kichupo cha Commodities. Ikiwa pameandikwa Average Cost, ripoti inaonyesha gharama uliyonunulia, huku ukurasa wa akaunti ukionyesha bei ya karibuni. Mtu akiziona namba mbili anadhani faili limeharibika. Kwa mahesabu ya mwisho wa mwaka chagua bei iliyo karibu na tarehe ya ripoti, vinginevyo unaweza kujikuta unathamini Desemba kwa bei ya Machi iliyofuata.

Hatua ya 5: Idadi zikipishana, tazama desimali

Ulinunua kwa shilingi 500,000, kipande ni 870.25. Mfuko umekupa 574.5475. Lakini ulipoisajili Umoja uliruhusu vipande vizima tu, programu ikaandika 575. Tayari una ziada ya karibu shilingi 394 ambazo hazipo, na ukinunua kila mwezi zinajazana. Ukiruhusu desimali mbili utapata 574.55, tofauti ya shilingi mbili hivi. Hii ni ya kero zaidi, kwa sababu ni ndogo kiasi cha kupuuzwa hadi siku unapouza vyote na akaunti inakataa kufika sifuri.

Fungua Security Editor, bofya mfuko wako, Edit, na kwenye Fraction traded weka 1/10000. Kisha kwenye Edit Account hakikisha Smallest fraction inasema Use Commodity Value. Miamala ya zamani haitajirekebisha. Pitia mmoja mmoja uandike idadi kamili kutoka kwenye taarifa. Programu ikikuuliza ikokotoe kipi upya, chagua bei. Idadi na shilingi ulizolipa zina karatasi ya kuzithibitisha.

Hatua ya 6: Kwa wenye hisa za Nairobi

Akaunti ikiwa kwa shilingi za Kenya, orodha ya bei inahitaji pia kiwango cha KES kwa TZS, la sivyo tawi lote linahesabiwa sifuri. Angalia mwelekeo: tuseme shilingi moja ya Kenya ni 19 za Tanzania. Ukiigeuza ukaandika 0.05, hisa za KES 100,000 zitasomeka TZS 5,000.

Hatua ya 7: Akaunti haionekani kabisa

View, Filter By, kichupo cha Other. Weka tiki kwenye Show zero total accounts na Show hidden accounts. Kwenye ripoti ya Advanced Portfolio, hisa ulizomaliza kuuza hazitokei mpaka uchague Include accounts with no shares ndani ya Options.