Jinsi ya kuilinda chemchemi ya kijiji isichafuliwe: mwongozo kutoka miteremko ya Moshi

Chemchemi zetu, kuanzia Kibosho hadi Old Moshi, mara nyingi huchafuliwa na yanayofanyika juu yake, wala si pale zinapotokea. Kwa hiyo kazi huanzia vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa. Nawaandikia wajumbe wa kamati za maji, maana ninyi ndio mnaoweza kubisha hodi kwa jirani mkasikilizwa.

Hatua ya 1: Panda juu mvua ikinyesha

Chagua siku ya masika, vaa buti, anzia kwenye jicho la maji na ufuate kila mfongo (mfereji wa kienyeji wa maji) kuelekea mlimani. Kiangazi hutaona kitu. Mvua ikishuka ndipo utaona maji ya zizi yanakochuruzikia na choo kipi kinafurika. Chora ramani kwenye daftari: vyoo, mazizi, majalala, vihamba vinavyopuliziwa dawa, mashine za kumenya kahawa. Choo kilicho juu ya chemchemi, au ndani ya mita 30, kitie alama nyekundu.

Hatua ya 2: Mita 60 kwa maelewano

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inazuia shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Kwetu, mita 60 zinaweza kumeza kihamba kizima cha mtu, pamoja na kaburi la baba yake. Msianze na barua ya mtendaji. Kaeni na mwenye kihamba, wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji, mkubaliane kipi kinaondoka kwanza. Mimi hushauri dawa ziondoke mwanzo, kisha zizi, kisha jembe.

Mpaka upandeni masale, mmea wetu wa jadi wa mipaka. Uzio wa waya huibwa, lakini sale la mpaka Mchagga haling'oi hivi hivi. Ndani yake pandeni msesewe, mkuyu na mringaringa. Mikaratusi hapana, inakunywa maji mno.

Hatua ya 3: Bomba la kupulizia dawa

Hapa naomba mkazane kuliko popote. Mkulima akimaliza kupulizia mrututu (dawa yenye shaba) kuzuia magonjwa ya kahawa, chulebuni na kutu ya majani, hushuka mfongoni kusuuza bomba kwa sababu maji yako karibu. Ile rangi ya bluu inayotoka ni shaba. Shaba haiozi: hutuama kwenye tope, na ni sumu kwa samaki na wadudu wa majini.

Afanye hivi: achote maji kwa ndoo safi ambayo haijagusa dawa, arudi nayo kihambani, amimine kiasi kwenye bomba, afunge, atikise, kisha apulizie maji hayo kwenye mibuni ileile. Arudie mara tatu. Kuchanganya dawa nako kufanyike hukohuko. Makopo matupu yatobolewe, yasije yakachotewa maji ya kunywa.

Hatua ya 4: Maji ya kahawa

Msimu wa mavuno, maji ya kumenyea na kuoshea kahawa hubeba sukari ya ule utelezi wa buni. Vijidudu vinapoila sukari hiyo humaliza oksijeni iliyomo majini, mto ukanuka na viumbe vikafa. Tumieni maji yaleyale kumenya zaidi ya mara moja, kisha yaelekezeni kwenye shimo lililo mbali na mfongo na upande wa chini wa chemchemi. Maganda yawe mboji ya migomba.

Hatua ya 5: Jengea jicho la maji

Mwite fundi. Mawe na kokoto nyuma ya ukuta, udongo wa mfinyanzi juu yake, bomba la kutokea, na mtaro upande wa juu wa kukinga maji ya mvua. Hori la mifugo likae chini, mbali na pa kuchotea.

Hatua ya 6: Pimeni, kisha pazeni sauti

Maji maangavu yanaweza kuwa na kinyesi. Pelekeni sampuli maabara baada ya mvua za kwanza. Bakteria wa E. koli wasiwepo hata mmoja katika mililita 100. Wakionekana, chemsheni maji na mrudi kwenye ramani.

Jambo likiwazidi nguvu, mfano gereji inayomwaga oili mtoni, nendeni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ofisi zake ziko hapahapa Moshi. Bebeni picha zenye tarehe na ile ramani. Maji ya Kibosho hushukia mto Kikuletwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo nakala ya barua wapeni pia jumuiya ya watumia maji walio chini yenu.