Mbwa akibadilika ghafla, usimguse

Kwa joto hili la Mtwara, mbwa kuhema ulimi nje, kushinda amelala chini ya mkorosho, hata kutafuna majani kidogo, ni kawaida. Mwekee maji tu.

Cha kukushtua ni tabia kugeuka ghafla: mbwa mkali anakuwa mpole na kumsogelea kila mtu, au mpole anaanza kung'ata vijiti, mawe, mnyororo. Mtazame mdomo ukiwa mbali. Taya imelegea, udenda unachuruzika, maji anayataka ila hayapiti kooni, na akibweka sauti inakwaruza. Wengi hudhani amekwamwa na mfupa, wanaingiza mkono kuutoa. Tafadhali sana, usithubutu! Huenda ni kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo uko kwenye mate. Ondoa watoto, funga geti, mpigie afisa mifugo wa kata.

Aliyeng'atwa, hata kama ni mchubuko mdogo, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akaanze chanjo. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona.

Mbwa huchanjwa akifikisha miezi 3, halafu kila mwaka.